Kitako cha Kopo

Nililibonyeza mwenyewe, mwaka ule wa ukame,
kwa nyundo, taratibu,
kama mtu anayembembeleza mtoto mgongoni,
mpaka kitako kikaingia ndani vidole viwili.
Kwa nje, kopo ni kopo. Linajaa, lina kilima juu,
na kwa kile kilima mkono wangu hauna uchoyo:
naongeza punje, naongeza tena, mteja anatabasamu.
"Mangi ana mkono wazi."
Kiboriloni yote inaujua mkono wangu.
Kitako tulikijua wawili, mimi na nyundo.

Nasema wawili. Na Jumapili nilikuwa nasali.

Usiniite mnafiki upesi hivyo.
Fungu la kumi nilitoa, ndani ya bahasha,
namba yangu mia mbili na nne,
na bati tatu za paa la kanisa, upande wa kwaya,
ni zangu: mvua ikinyesha nazitambua kwa mlio.
Hesabu yangu ilikuwa hivi:
kinachopungua chini kinarudi juu.
Mungu yuko juu.
Nani atadai?

Jumapili ya mavuno, baada ya baraka,
Mlima umejifunika wingu lake,
tukatoka nje kunadi sadaka.
Mkungu wa mshare, elfu kumi na nane.
Jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa ganda la mgomba,
akawika bei ilipofika ishirini; tukacheka.
Maziwa ya chupa. Trei la mayai, moja limepasuka.
Kisha mzee wa kanisa, Ndewirwa, akainua mfuko
wa maharage, soya njano,
akasoma karatasi: "Mama Anaeli. Makopo mawili."
Akayapima kwa kopo la usharika.
La kwanza likajaa.
La pili likaishia tumboni.

Ndewirwa ni mtu wa utani.
"Mama, mengine yamechemkia njiani?"
Watu wakacheka, na mimi mdomo ukacheka.
"Nilipimiwa mawili," akasema mama yule,
akivuta kanga yake begani,
"nilipimiwa macho yangu yakiona."
Akatazama chini. Hakunitazama mimi.
Angenitazama, ningepona.

"Elfu kumi!" Ilikuwa sauti yangu.
Ishirini. Thelathini.
Nilijipandia mwenyewe, hakuna aliyeshindana nami.
Hamsini mara ya kwanza, mara ya pili,
mwinjilisti akasema Bwana akuzidishie,
na makofi yakanimwagikia
kama punje za kile kilima,
juu, juu, juu tu.

Jumatatu nikalilaza kopo juu ya jiwe.
Nyundo ile ile.
Bati lililobonyezwa halirudi kuwa jipya:
lina makunyanzi, na ukiliweka mezani
linalia "tik".
Gunia lililonipa makopo mia na ishirini
sasa linanipa mia.
Yale ishirini ndiyo yaliyoezeka kwaya.
Wateja wananung'unika: "Mangi, siku hizi huongezi."
Wengine wamehamia kwa jirani.
Kitako cha jirani sikijui. Siulizi.

Mama Anaeli sijamwambia.
Nilimpelekea debe zima mlangoni, usiku,
nikalitua, nikakimbia kama mwizi,
mimi niliyeiba mchana
bila kukimbia.

Bwana, sikudanganyi: Fuso bado naitaka.
Ile ya buluu, iende Holili ikirudi imelemewa.
Nataka sakafu ya vigae, nataka Manka asome
mpaka achoke mwenyewe.
Sijaona mahali uliponikataza kujaza.
Nisaidie hapa tu, hapa chini,
maana kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza,
natumbukiza mkono ndani ya kopo, napapasa
kama kitako kimejirudia chenyewe usiku.

Leo, nadhani, kidogo.